Senti zenye tundu: shajara ya kuokoa sarafu za shaba, Mombasa

Januari, mwanzo

Mimi ni fundi wa friji na eisi (viyoyozi), karakana yangu iko Makupa. Bei ya kopa, yaani shaba, naijua kama muuza samaki anavyoijua bei ya changu, kwa sababu vipande vya paipu vinavyobaki kazini huvitupia ndooni, na ndoo ikijaa naipeleka kwa kijana wa skrap, mnunuzi wa vyuma chakavu. Huko mizanini ndiko nilikoanza kuziona: senti kumi za wakati wa mkoloni, zile pana zenye tundu katikati, zimetupwa pamoja na nyaya zilizochomwa na vichwa vya mabomba. Zote zapimwa mara moja, zote ni kopa.

Mradi wenyewe ni huu. Tunazinunua sarafu za shaba kabla hazijaingia kwenye tanuri. Tunazichambua. Zenye thamani kwa wakusanyaji tunazitenga, na zilizobaki tunaziweka kama shaba. Tuko wawili, mimi na ami yangu, mstaafu wa bandarini. Macho yake yamechoka, lakini ukimpa sarafu yenye maandishi ya Kiarabu na kioo cha kukuzia, hana mpinzani. Mtaji ni wa mfukoni, na tumeafikiana hauongezwi mpaka uzunguke wenyewe.

Kijana wa skrap alipofahamu ninachotaka aliniuliza, "Fundi, wataka kufungua duka la hirizi?" Kisha akatoa sharti: nachukua zote alizonazo kwa kilo, kwa bei aliyonunulia na nyongeza kidogo, bila kuchagua. Nilikubali palepale. Angeniruhusu kuchagua, angeanza naye kuchagua kabla yangu, na kila kipande chenye herufi kingepewa bei yake ya ajabu.

Januari, hesabu kwenye daftari

Nimeazima mizani ndogo ya sonara. Senti kumi ya Afrika Mashariki ya kabla ya Vita vya Pili ina gramu 11 na kitu, kwa hivyo kilo moja ni vipande 88 hivi. Za miaka ya vita na baadaye ni nyembamba, nyingi zinashuka chini ya gramu 10. Ndururu (senti tano) ya zamani ina gramu 6 na kitu, na senti moja haifiki gramu 2. Kilo nzima ya senti moja ni zaidi ya vipande mia tano, na kuvichambua kwa taa ya usiku ni adhabu.

Madini yake ni bronzi: shaba asilimia 95, iliyosalia ni bati na zinki. Katika soko la London tani ya shaba ilivuka dola 10,000 mwaka 2021, ikavuka tena 2024. Tuchukue dola 10 kwa kilo na dola moja shilingi 130. Senti kumi moja nene hapo ina shaba ya shilingi 14 hivi. Hiyo ni sarafu iliyokuwa sehemu ya kumi ya shilingi, kwa hivyo chuma chake leo kimeshinda namba iliyoandikwa juu yake mara 140. Ami alipoiona hesabu alicheka mpaka akakohoa, akasema laiti angejua asingezinunulia kashata zote utotoni.

Ila hiyo ni bei ya London, ya shaba safi, kwa tani. Mizani ya Makupa hailipi hivyo. Yupo mwenye kibanda, yupo mwenye ghala, yupo mwenye tanuri, na kila mmoja anakata chake njiani. Halafu bronzi si waya safi, kwa sababu ya ile bati iliyomo ndani, na mnunuzi mjuzi anaishusha bei. Kwa hivyo kwetu thamani ya chuma ni kizuizi cha hasara na basi. Nikikosa sarafu ya maana ndani ya kilo nzima, kilo yenyewe itanirudishia karibu yote niliyotoa. Wapo wanaoshauri ujaze ndoo za shaba ungojee bei ipande. Mimi siwaelewi. Ndoo ya ndururu haizai, inakula nafasi, na mwizi wa kopa katika mji huu hasomi mwaka wa sarafu.

Februari, sumaku

Gunia la kwanza limepita kwenye sumaku ya spika mbovu. Vilivyonaswa ni senti kumi ndogo za miaka ya tisini, ambazo ndani ni chuma na juu zimefunikwa utando mwembamba wa madini tu, pamoja na vifuniko vya soda vilivyobondwa. Sarafu za Kenya za mwaka 1966 na kuendelea, zile za senti tano na kumi zenye sura ya Mzee Kenyatta, hazinaswi lakini ni za manjano: shaba iliyochanganywa na zinki na nikeli. Tumezitia mkebe wa pembeni. Shilingi za mkoloni zenye simba nazo si za mradi huu, ingawa za 1921 hadi 1946 zina fedha robo yake. Ami amezichukua zote kimyakimya, na mimi nimejifanya sikuona.

Februari, mfuko wa Kibokoni

Habari zimeanza kutembea. Bi mkubwa mmoja wa Kibokoni alituma mjukuu wake atuite, ana mfuko wa pesa za marehemu mama yake. Tukaenda baada ya Alasiri. Tulipokwisha salamu na kahawa ya tangawizi, akaleta sinia, na moyo wangu ukashuka. Sarafu zote zilikuwa zinawaka rangi ya waridi. Alizisugua kwa ukwaju na jivu, jinsi vyombo vya shaba vinavyosuguliwa kabla ya harusi.

"Nimewaoshea, wanangu," akasema. "Siwezi kuwapa wageni uchafu."

Huwezi kumwambia mtu wa umri huo kwamba heshima yake imepunguza bei. Ami alijibu, "Ahsante sana, bi mkubwa, umetutukuza," akaendelea kugeuza moja moja. Lakini ukweli ndio huo. Ule weusi wa kahawia juu ya sarafu ya shaba ni ngozi iliyojijenga yenyewe miaka na miaka, na mkusanyaji anaitafuta hiyo ngozi. Asidi ya ukwaju, ndimu au siki inaivua, na jivu linakwangua herufi chini yake. Rangi ya waridi inayobaki haidanganyi mtu anayejua. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia unaona mikwaruzo midogo inayokwenda upande mmoja, ndani ya kila herufi na kuzunguka ukingo wa tundu, mahali ambapo mikono ya watu haikufika.

Zilikuwa senti za George wa Tano na wa Sita kwa wingi, zenye pembe za ndovu pande mbili za tundu. Zilikuwamo robo anna, sarafu ndogo za shaba za Kihindi, kwa kuwa rupia ya India ndiyo iliyokuwa pesa ya pwani hii mpaka 1920. Zilikuwamo pesa (ndilo jina la sarafu yenyewe) za Kampuni ya Kijerumani zenye tai, za 1890 na 1891, zilizovuka mpaka kutoka Tanga na kwingineko. Zote zimesuguliwa, pembe za ndovu zimebaki nyororo bila mistari yake.

Kisha mjukuu akakung'uta mfuko wenyewe, ule wa kitambaa cha marekani, na kipande kimoja kikaanguka kutoka kwenye mshono. Hicho hakikuonja ukwaju. Ni cheusi, chembamba, kimelika ukingoni upande mmoja. Nilikipangusa kwa kidole tu. Upande mmoja kuna mizani na maandishi ya Kiarabu. Ami alikisogeza dirishani, akakiinamisha ili mwanga upite juu yake kwa ubavu, akasoma taratibu mpaka mwaka: 1306 wa Hijria. Tulipokigeuza kulikuwa na taji, na Kiingereza kimezunguka pembeni. Jina la Mombasa limo, na 1888.

Hii ni pesa ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile ya William Mackinnon, ambaye Marikiti ilipewa jina lake kwenye karatasi za serikali ingawa mji mzima unasema Marikiti tu. Kampuni ilipata hati ya kifalme mwaka 1888, na mwaka huohuo ikatoa sarafu zake. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Zilipigwa kwenye kiwanda cha Heaton, Birmingham, ambazo zina herufi H, na nyingine Kalkuta, ambazo zina CM. Hii yetu ni ya H. Kufikia 1895 serikali ya Uingereza ilikuwa imeshaichukua nchi kutoka mikononi mwa kampuni, na pesa zake zikabaki mifukoni kama hizi.

Tulimweleza bi mkubwa wazi kwamba kipande hicho kimoja kinashinda sinia zima. Ami ndiye aliyesema, na nilimshukuru, maana mtu akija kujua baadaye kwamba umemnyamazia, Kibokoni nzima imefungwa kwako. Bi mkubwa alikishika, akakitazama, akakifunga kwenye pindo la leso yake.

"Basi hini yakaa hapa. Hizo nyengine zichukueni."

Tulizichukua kwa kilo, na nyongeza kidogo kwa ajili ya pesa za Kijerumani, kwa kuwa hata zikisuguliwa zina watu wake. Picha ya ile ya Mombasa ametuachia tupige, pande zote mbili.

Machi, jinsi ya kutozichanganya

Picha ya mizani juu ya sarafu inawapoteza watu wengi. Tangu Februari tumeletewa vipande kadhaa "vya Mombasa" ambavyo ni pesa za Unguja za Sayyid Barghash, za mwaka 1299 na 1304 wa Hijria. Nazo ni za shaba, ukubwa wake unakaribiana na ile ya kampuni, na zina mizani. Tofauti ni kwamba za Barghash hazina Kizungu popote. Zikiwa na Kiarabu pande zote mbili ni za Sultani. Zikiwa na Kiingereza upande mmoja ni za kampuni. Zilizochakaa sana ami anazisoma kwa kidole, eti mwaka hufutika mwisho. Sina hakika ananiambia kweli au anajionyesha, lakini hajakosea bado.

Kwa senti zenye tundu, njia ya haraka ni jina la mfalme. IND:IMP baada ya jina maana yake ni Kaisari wa India. Baada ya India kupata uhuru mwaka 1947 maneno hayo yaliondolewa, kwa hivyo George asiyekuwa nayo ni wa mwishoni. Elizabeth anakuja miaka ya hamsini, na mwaka 1964 senti tano na kumi zilitoka bila jina la mfalme wala malkia. Herufi ndogo nazo ziangaliwe: H na KN ni viwanda vya Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria.

Kila anayesikia habari za mradi anauliza kuhusu Edward wa Nane. Alitawala chini ya mwaka mmoja, 1936, akaacha kiti. Huko kwao Uingereza sarafu zake hazikuingia mikononi mwa watu, lakini zetu za senti tano na kumi zilitoka zikiwa na jina lake, maana sarafu yenye tundu haihitaji sura na kiwanda hakikuwa na cha kungojea. Kwa hivyo watu wanadhani ukiwa na ndururu ya Edward umetajirika. Zilipigwa nyingi mno. Tunazo za kutosha, na mnunuzi analipa kwa ajili ya kisa chake zaidi ya uhaba wake. Ikiwa safi na kahawia yake haijaguswa, naiuza kwa urahisi. Ikiwa imelika, inarudi kwenye ndoo ya kilo pamoja na ndugu zake.

Aprili, kijani

Masika yameanza na mkebe mmoja umeota. Si ule ukijani mgumu unaokaa juu ya shaba ya zamani miaka mingi bila madhara. Huu ni unga, mwepesi, rangi ya kijani kibichi, unatoka ukiugusa kwa kijiti, na chini yake kuna kishimo kidogo. Fundi wa friji anaufahamu: ndio unaotoboa koili za eisi za nyumba zilizo karibu na bahari. Chumvi ya hewa inaingia kwenye shaba, inapata unyevu, inazaa asidi, asidi inakula shaba, na inachozaa kinaanza upya. Kuupangusa hakusaidii, mzizi uko ndani. Tena ukiziacha pamoja, unga wake na unyevu wa mkebe vitazifikia na jirani zake.

Zilizoota tumezitenga, tukazitoa unga kwa kijiti cha mwanzi (chuma kinakwaruza), kisha tumeziloweka kwenye maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, na kuyabadilisha mara kwa mara. Ni kazi ya wiki, si ya jioni moja. Maji ya eisi yanayodondoka dirishani yanavutia kwa kuwa ni ya bure, lakini yamepita juu ya vumbi na koili, siyaamini. Baada ya hapo kukausha mpaka ndani, halafu mkebe usiopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya shanga vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vipakiti vikishiba maji vinakaushwa kwenye joto la chini na kurudi kazini. Kwenye ufundi wangu shanga za namna hii zimo ndani ya draya, kile kikausha unyevu cha kila friji, kwa hivyo siko mbali na nyumbani.

Zile albamu za plastiki laini zinazouzwa mjini nimezikataa. Joto letu linaitoa asidi iliyomo kwenye plastiki hiyo na sarafu zinatoka na utando wa kijani unaonata. Bahasha za karatasi zinatosha.

Gunia la Jomvu limefika siku hizohizo. Nusu ya senti zake zimebonyea katikati, na nyingine zina rangi ya bati. Zilikuwa washa, vile visahani vya chini ya vichwa vya misumari ya mabati. Mtu aliyezipigilia alikuwa na hesabu nzuri: senti moja dukani ilikuwa rahisi kuliko washa. Kwa wakusanyaji hazina kitu. Ami ameomba chache.

Mei, sheria

Mzungu mmoja, mkusanyaji, aliona picha zetu kupitia rafiki, akataka pesa za Barghash zitumwe kwao kwa posta, bei nzuri. Tumekataa, na sababu naiandika hapa kwa faida ya wengine. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kinachohamishika, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, kuwa ni cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Pesa za Barghash zimo. Ile ya bi mkubwa imo. Pesa za Kijerumani za 1890 zikiwa zilishaingia kabla ya mwaka huo nazo zimo, na sioni utathibitishaje vinginevyo. Senti za George na Edward haziguswi na kifungu hicho. Kwa hivyo za kale tunawauzia wa humuhumu ndani ya nchi, na anayetaka kuzitoa nje ahangaikie kibali mwenyewe.

Upande wa skrap pia una masharti. Ipo sheria ya vyuma chakavu ya 2015, na Januari 2022 biashara yote ilisimamishwa baada ya hujuma kwenye nguzo za umeme, ikaja kuruhusiwa mwaka huohuo kwa masharti mapya. Kijana wetu ana leseni na anaandika vitambulisho vya wanaomuuzia. Wa kona nyingine alinipa bei ya chini kidogo bila daftari wala maswali. Kilo yake ilikuwa na sarafu chache na waya mpya mwingi. Nimemwachia.

Juni, mauzo na mabishano

Zilizokwisha kuuzwa ni senti kumi safi za kabla ya vita, Edward kadhaa, na pesa mbili za tai ambazo hazikusuguliwa. Wanunuzi ni wenye maduka ya vitu vya kale upande wa Fort Jesus na mwalimu mmoja wa historia anayezitumia darasani. Mtaji umerudi, na kilichozidi kimenunua mizani yetu wenyewe.

Sasa tunabishana kuhusu ndoo. Kilo za ndururu zilizolika, zisizosomeka, zilizobonyea kwa misumari, zimejaa chini ya meza yangu. Ami hataki zirudi mizanini. Anasema zikiyeyushwa ndio basi, na hakuna kiwanda kitakachozipiga tena. Mimi nasema ndururu isiyo na mwaka wala jina haina mnunuzi zaidi ya mwenye tanuri, na pesa yake ingetununulia gunia ambalo huenda lina Mombasa nyingine ndani. Wakati bei ya kopa iko juu, ndio wakati wa kuziachia. Tumekubaliana hivi: chochote kinachosomeka mwaka, hata kikiwa kibaya, kinabaki. Kisichosomeka kinakwenda, ila ami anakipitia kwanza kwa kidole chake.

Anazipitia polepole mno. Kijana wa skrap ameshapiga simu kuwa kuna mzigo umetoka Changamwe, nusu yake robo anna, na anataka jibu kabla ya Ijumaa.